Wanakondoo Waliowapita Mama Zao

Kwanza niwataje waliokuwepo, maana mtu asipotajwa huwa kama hakuja. Siku tuliyokwenda kwenye sherehe ya kondoo na sufu tulikuwa wanne. Mimi, Anyesi, binti wa Yohana Sanga wa milima ya Makete, ambaye sasa ninakaa Bellevue hapa Johannesburg. Mwanangu Festo, kitinda mimba wangu, mwenye duka la mablanketi na mabegi pale Yeoville. Yeye ndiye aliyetuendesha. Mjukuu wangu Nomsa, binti wa huyo Festo na mkewe Thembi; Thembi mwenyewe hakuja, alikuwa kazini. Na Mama Esperansi wa Bukavu, fundi cherehani, ambaye mlango wake na wangu inatazamana. Huyo si ndugu yangu wa damu, lakini ndiye anayenigongea nikichelewa kuamka, kwa hiyo namweka kwenye hesabu ya ndugu.

Na kule utotoni, ambako ndiko hasa ninakotaka kuwapeleka, walikuwepo mama yangu Raheli, kwa muda mfupi. Baba yangu Yohana. Bibi Malita, mkubwa wa ukoo. Shangazi yangu Eliza, dada yake baba. Na mume wa shangazi, Baba Chaula, mchunga kondoo. Hao wote wamekwisha kuzikwa. Nimebaki mimi.

Habari ya sherehe aliileta Mama Esperansi. Mteja wake mmoja, mama wa Kizungu anayeshonesha mapazia kwake, alimwambia kwamba kule ng'ambo ya Randburg, mji unakoishia na mashamba yanakoanza, watu wataleta kondoo wao na sufu na nyuzi za kila namna. Akaja kunigongea kama nyumba inaungua.

"Mama Festo, vaa viatu! Iko siku ya uzi. Siku muzima, uzi tu!"

Nikamwambia siku kama hiyo haipo duniani.

"Iko! Bazungu beko na siku ya kila kitu."

Wanaonijua wanajua jinsi nilivyo na uzi. Sweta za mtumba nazinunua, nazifumua, nazifuma upya. Sindano zangu hazilali. Mama Esperansi husema, "Mama Festo, weye utakufa na uzi mukononi," nami humjibu basi mnizike nao, msiukate. Kwa hiyo viatu nilivaa. Njiani, tukisimama robot baada ya robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, Festo alikuwa akinitania: "Watu wanakwenda Randburg kununua friji, Mama. Wewe unakwenda kunusa kondoo." Hakujua kwamba amesema kweli.

Uzi ulikuwa umetundikwa mafungu mafungu kama ndizi sokoni. Kulikuwa na rangi ya kutu, rangi ya maganda ya kitunguu, rangi ya chai iliyolala. Nilishika kila fungu na hakuna aliyenifukuza. Akina mama walikuwa wengi, Wazungu na Waafrika, wengine wamevaa walivyofuma wenyewe, wanashikana mikono ya sweta, wanageuza upande wa ndani kutazama mafundo, wanacheka kama watu wa ukoo mmoja waliokutana arusini. Nikasimama katikati yao. Mikono yangu ilielewa yote, masikio hayakuambulia kitu. Mmoja akanionyesha skafu yake, akaniuliza jambo, nikatabasamu. Akauliza tena, nikatabasamu tena. Akaenda zake. Mama Esperansi alikuwa ameshapotelea kwenye vifungo na mikasi, na Nomsa alikuwa akipiga picha.

Pembeni ya banda moja lilikuwepo gunia la sufu ambayo haijaoshwa, imetoka mgongoni kwa mnyama vilevile ilivyo. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka unang'aa mafuta. Nikaunusa.

Basi. Si harufu nzuri, msidhani. Ni mafuta, ni samadi kidogo, ni mvua iliyokaukia juu ya mnyama, na chini kabisa kuna utamu kama wa maziwa yaliyoungua. Sikuwa nimeinusa tangu meno yangu yalipokuwa ya utoto.

Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wamejazana kwenye uzio kutazama kondoo akinyolewa. Kijana mwenye fulana alikuwa amemkalisha kondoo kitako, kama mzee aliyekaa kwa kinyozi, na mashine inalia, na sufu inavuliwa kama shati. Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Kondoo akasimama, mweupe, mwembamba, shingo imekuwa ndefu ghafla, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mimi nikawa nasubiri. Nilikuwa nasubiri makelele ya watoto wake. Hayakuja. Hakuwa na mtoto pale, aliletwa peke yake kwa ajili ya maonyesho. Akarudishwa kwenye gari lake, na watu wakaenda kununua soseji.

Nomsa akaniona. "Gogo, wewe lia?"

Yeye huniita Gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu. Nilishamwambia kwetu gogo ni mti ulioanguka, akacheka, akaendelea kuniita hivyohivyo, na siku zinavyokwenda naona anazidi kuwa sahihi.

"Silii."

"Eish, Gogo, kondoo si umia. Yeye kwenda saluni tu."

Nilitaka kumwambia. Lakini Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na chakula, na Kiingereza changu kinaishia kwenye asante, na hapo katikati pana nafasi kubwa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa umri wangu, ninyi mlionyolewa kichwa utotoni na mnajua maana yake.

Siku mama alipofariki nilikuwa nimepelekwa kwa jirani kusaga ulezi. Nilijua tu kwamba mama anaumwa kifua, na kwamba ameniambia nisirudi na unga wenye mchanga. Niliporudi uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake wameketi chini, miguu wameinyoosha. Hakuna aliyepokea unga wangu. Niliuliza mama yuko wapi, wakatazamana, mmoja akasema, "Ametangulia." Ametangulia wapi? "Ametangulia tu, mwanetu."

Katika ukoo wetu mtoto mdogo hakuambiwa kifo cha mzazi kabla ya wakati wake. Kwanza alinyolewa, na wote wa nyumba hiyo walinyolewa, kisha nywele ziliachwa ziote. Zikishaota vya kutosha kushikika kwa vidole ndipo wakubwa walikaa naye, wakachinja kuku, wakamwambia. Kabla ya hapo ilikuwa mwiko. Waliamini mtoto akiambiwa kichwa kikiwa wazi, msiba unamwingia na hautoki tena. Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba Bibi Malita amenikalisha kwenye mianzi nyuma ya nyumba, amenimwagia maji ya baridi, na wembe unapita. Misuko yangu ilianguka mapajani. Mama alikuwa amenisuka juzi yake tu, amelala ubavu, anapumzika kila baada ya msuko mmoja.

Nikalia. Si kwa ajili ya mama, nililia kwa ajili ya misuko.

"Usilie," akasema Bibi Malita. "Nywele zikiota, haya yote yatakuwa yamekwisha."

Sasa wewe fikiri una akili ya mtoto. Mama ametangulia, maana yake yuko safarini. Nywele zikiota, haya yote yatakuwa yamekwisha, maana yake safari imekwisha, amerudi. Nililiona jambo hilo jepesi kabisa. Nikanyamaza. Wanawake wakanisifu: mtoto huyu ana moyo. Kumbe nilikuwa nasubiri tu. Kila asubuhi nilipitisha kiganja kichwani kutazama mama amefika wapi.

Baba alirudi kwenye vibarua vyake vya chai huko Mufindi, na mimi nikapelekwa kwa Shangazi Eliza, juu kabisa, kwenye shamba la kondoo la Mzungu. Wale wa Makete wanajua baridi ya kule. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi, ukiyakanyaga yanalia kama mtu anatafuna bisi. Hakuna miti. Upepo hauna pa kupumzikia, kwa hiyo haupumziki. Kulikuwa na nyumba ya Mzungu mbali kule, mabanda ya kunyolea, zizi, vibanda vya wafanyakazi, na mbwa wa Baba Chaula aliyeitwa Askari. Watoto wenzangu hawakuwepo. Nilizungumza na Askari.

Shangazi Eliza alikuwa mrefu, mkavu, hana mtoto. Aliolewa miaka mingi bila kupata, na watu walimsema, naye alijibu kwa kufuma. Alijifunza kwa mke wa mwalimu wa misheni. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Alifuma akitembea, alifuma akigombana, alifuma huku jicho liko kwenye chungu. Sufu aliiokota kwenye seng'enge, pale kondoo walipojisugua. Sufu ya bandani ilikuwa ya Mzungu na ilipimwa, lakini ya kwenye seng'enge ilikuwa ya upepo, na ya upepo ni ya aliyeiwahi. Aliichambua kwa vidole, akaisokota kwa kijiti chenye kisahani cha mti kinachozunguka, akapata uzi mnene wenye mafuta, wenye harufu ile niliyowaambia.

Siku nilipofika hakunikumbatia. Alinitazama kichwa, akasema, "Baridi ya huku itakuua," na jioni hiyohiyo akaanza kofia.

Kofia haijaisha, msimu wa kunyoa ukafika. Sikuwa nimewahi kuona. Kondoo waliingizwa bandani upande mmoja, wanono, kama mawingu yenye miguu. Upande wa pili wakatoka uchi. Walikuwa weupe na wembamba, wengine wana michubuko ya mkasi, wanatetemeka. Moyo wangu ukashtuka, maana kwetu kichwa hakinyolewi bure. Nikamwendea Baba Chaula aliyekuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Baba Chaula, hawa kondoo wamefiwa na nani?"

Yeye alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wamefiwa na nani! Jamani, sikieni mtoto wa Yohana. Wamefiwa na makoti yao!"

Wanyoaji nao wakacheka. Nikaona haya, lakini sikuondoka, kwa sababu wakati huohuo walifungua zizi la wanakondoo. Watoto wale walikuwa wametengwa tangu asubuhi na walikuwa na njaa. Wakatoka mbio wakiita, na mama zao wakaita. Sasa ndipo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Wanakondoo waliwakimbilia mama zao, wakafika, wakasita, wakawapita. Mtoto anasimama mbele ya mama yake mwenyewe, anamnusa, anarudi nyuma kwa woga, anakwenda kumtafuta kwingine. Na mama anamfuata nyuma akiita, na mtoto anamkimbia. Uwanja mzima ulikuwa kilio.

"Mbona hawawajui?"

"Watawajuaje?" alisema Baba Chaula. "Asubuhi mama alikuwa mnene, ana koti lake. Sasa katoka kinyago. Hata harufu siyo ile. Mtoto anaona mgeni."

"Sasa itakuwaje?"

"Watajuana kwa sauti. Ngoja tu. Sauti hainyolewi."

Na kweli, kidogo kidogo kelele zilipungua. Huyu alisimama akasikiliza, yule akasikiliza, mmoja mmoja wakarudi, wakapiga magoti, wakanyonya. Baba Chaula alikwisha kunisahau, alikuwa akimfokea Askari. Yeye aliyasema yale kama mtu wa mifugo anavyosema mambo ya mifugo. Mimi niliyachukua kama nimeletewa habari ya nyumbani kwetu.

Kwa maana mama aliniacha na misuko. Je, akirudi kabla nywele hazijaota vizuri? Atamkuta mtoto kipara, mwembamba, ananuka moshi wa nyumba nyingine. Atanitazama, atasita, atanipita.

Usingizi ulinipaa. Na kesho yake, wakati mbaya kuliko wote, Shangazi akamaliza kofia.

"Vaa."

"Sitaki, Shangazi."

"Masikio yatakatika. Vaa."

"Sitaki."

"Mtoto huyu!" Akanivika mwenyewe, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa kofia nzito, ya kijivu, yenye mistari myeusi miwili, na ilinuka kondoo. Nikajua ndiyo nimekwisha. Kipara pekee mama angeweza kukikisia, lakini kipara chenye harufu ya kondoo? Nilipofika nyuma ya zizi niliivua, nikaificha chini ya jiwe. Ikawa ndiyo desturi: mbele ya Shangazi navaa, nikimpa mgongo navua.

Na kila siku jua likianza kulegea nilikwenda kwenye geti, pale njia inapopinda kushuka kwetu. Nilikuwa nimefikiri vizuri. Mama hawezi kupita njia nyingine. Nilipanda juu ya jiwe, nikaweka mikono mdomoni, nikaita.

"Mamaa! Ni mimi, Anyesi! Nimenyolewa tu, lakini ni mimi!"

Halafu nasikiliza. Halafu naita tena. Niliita mpaka koo likauma, kisha narudi, naichukua kofia yangu, navaa, naingia ndani kula.

Wanawake waliotoka kuchuma pareto walipita njia ile na vikapu vyao. Mara ya kwanza mmoja alisema, "Mtoto wa Eliza anaita kondoo." Mwenzake akacheka, "Kondoo gani, na wote wako zizini?" Kisha nikaita tena, wakayasikia maneno. Sikuwasikia wakicheka baada ya hapo. Siku zilizofuata walipofika kwenye kona walishusha sauti, wakapita upande wa pili wa njia, bila kunitazama. Nikadhani nimewaudhi.

Nafikiri ni wao waliomwambia Shangazi. Au labda aliona mwenyewe kofia chini ya jiwe. Siku aliyokuja kulikuwa na ukungu, ule wa kwetu unaopanda kutoka mabondeni kama umetumwa. Niligeuka nikamwona amesimama nyuma yangu, kazi yake ya kufuma mkononi, donge la uzi kwapani, na kofia yangu imening'inia kwenye kidole. Nikajua nitachapwa.

"Unamwita nani?"

"Mama."

"Kwa nini hapa?"

"Ndiyo njia atakayopita. Nywele hazijaota, Shangazi, hatanijua. Kwa hiyo namwita, anijue kwa sauti. Baba Chaula amesema."

Shangazi akatazama majani, akatazama njia. Mimi nilidhani anatafuta fimbo kwa macho. Leo najua alikuwa akitafuta nini. Alikuwa binti wa ukoo uleule, aliyelelewa na Bibi Malita huyohuyo. Mwanamke ambaye hajazaa, ambaye tayari watu wanasema ana mkosi, akimwambia mtoto wa kaka yake kabla ya wakati, na mtoto huyo akaugua, nani angemtetea?

Akaweka kazi yake chini, kwenye majani yaliyolowa. Nilishangaa, sikuwa nimemwona akiiweka chini hata siku moja. Akasogea kando yangu, akaweka mikono mdomoni kama mimi, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Wifi! Wifi yangu ee! Raheli!"

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikamshika kitenge. Sauti ya mtu mzima inakwenda mbali, nikasema sasa atasikia. Tukasubiri. Seng'enge zilivuma. Kule zizini kondoo mmoja akaitikia, akanyamaza.

"Anyesi."

"Bee, Shangazi."

"Raheli hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Angekuwa mahali pa kusikia, angeitika."

"Yuko mbali."

"Hayuko mbali. Amekufa. Tumemzika kwenu, upande wa mianzi, mimi mwenyewe nilishika mkeka. Nywele zikiota hatarudi. Ziote, zinyolewe, ziote tena, hatarudi. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Akanivika kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi, na mara hii sikubisha, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kunipita. Kisha akasema, si kwangu, alisema huku anatazama ukungu, "Nimemwambia. Kama kuna laana, inijie mimi."

Hakunikumbatia hata hapo. Aliokota kazi yake, akakung'uta maji, akanipa donge la uzi nilishike kwa mikono miwili. "Fuata," akasema, akatangulia huku anafuma. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba baada ya hatua chache sikumwona tena. Niliuona uzi tu, unatoka mikononi mwangu, unaingia kwenye weupe. Nilikuwa nalia, kamasi zinaingia kwenye sufu. Lakini kila baada ya kidogo uzi ulivutwa, donge likageuka mikononi mwangu, nikajua yuko. Nikasimama, likavutwa. Nikaenda, likageuka. Hivyo ndivyo tulivyofika nyumbani.

Watu huniuliza nimepata wapi wazimu huu wa uzi. Nawaambia kwa shangazi yangu. Siwaelezi zaidi.

Nywele ziliota, kama zinavyoota. Zikashikika. Baba akaja kutoka Mufindi, Bibi Malita akapandishwa mlima kwa taabu, kuku akachinjwa. Wakanikalisha kwenye mkeka katikati yao. Baba akaanza kuzunguka maneno, anameza mate, mpaka nikamwonea huruma, akafika pale pa kusema kwamba mama yako, mwanangu, mama yako hayupo tena duniani.

Nikainua macho. Shangazi Eliza alikuwa ameketi karibu na mlango, anafuma. Sindano zilikuwa zimesimama.

Nikalia. Nililia vizuri, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi, nikajitupa chini, nikauliza lini, nikauliza wapi. Bibi Malita akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mmeona? Tumemwambia kwa wakati wake." Na karibu na mlango nikasikia spoku za baiskeli zikianza tena, tik, tik, tik.

Hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja, mimi na yeye. Sio nilipovunja ungo, sio nilipoolewa, sio alipokuwa anakata roho nami nimemshika mkono. Na kofia nayo ilifumuliwa nilipokua, ikaingia kwenye sweta, sweta likaingia kwenye blanketi la Festo, blanketi sijui lilikoishia. Mambo ya kuhamahama.

Pale kwenye sherehe mwenye gunia aliona nimesimama sana, akanipa sufu ya kujaza viganja, akakataa kulipwa. Nimeiweka chini ya mto. Mama Esperansi ameshalalamika: "Mama Festo, chumba yako inanuka zizi! Juu ya nini?" Nikamwambia juu ya uzee. Kidogo nimeisokota, uzi umetoka mbovu, vidole vimesahau, lakini ni uzi. Juzi Nomsa alikuja akaketi kitandani na simu yake. Nikampa donge alishike. Hakuuliza la nini. Alilishika kwa mkono mmoja, macho kwenye simu, nami nikaketi dirishani nikifuma, uzi uko kati yetu. Chini barabarani magari yanapiga honi. Nikavuta. Hakuinua macho, lakini donge liligeuka.

Sasa nimalizie kwa kuwaomba. Inawezekana nimekosea. Huenda mbwa hakuitwa Askari. Huenda mistari ya kofia haikuwa miwili, au haikuwa myeusi. Huenda hakukuwa na ukungu siku ile na ni miaka iliyouleta. Nina majina ya wote, lakini sina hata mmoja wa kuniambia, "Hapana, Anyesi, haikuwa hivyo." Kama yuko kati yenu aliyekulia kwenye shamba lile la kondoo, au ambaye mama yake alichuma pareto na kupita kwenye ile kona akasikia mtoto anaita, tafadhali anisahihishe. Hata akisema nimekosea yote, nitashukuru. Nipo Bellevue. Nimezeeka tu, lakini ni mimi.